Profesa Suzanne Cory na fumbo la seli zinazogoma kufa

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni kuna uvimbe. Akaanza kufukua mafaili ya zamani ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na katika maeneo yetu yenye malaria nyingi ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Johannesburg, wakisimama hospitali hadi hospitali kuuliza nani amewahi kuona uvimbe huo. Walichogundua ni kwamba uvimbe unafuata joto na mvua, yaani kule kule kwenye malaria. Mwaka 1964, mjini London, kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana ndani ya seli za uvimbe huo zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.

Hadi hapo bado hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kimeharibika ndani ya seli. Hapa ndipo anapoingia mwanamke wa Melbourne, Australia, ambaye wazazi wengi wa huku hatujawahi kumsikia.

Suzanne Cory alizaliwa mwaka 1942. Baada ya Chuo Kikuu cha Melbourne alikwenda Cambridge, Uingereza, kusomea udaktari wa falsafa, na huko akakutana na Mmarekani Jerry Adams, mtafiti mwenzake. Walioana, wakafanya kazi kwa muda Geneva, kisha mwaka 1971 wakahamia Melbourne katika Taasisi ya Walter and Eliza Hall. Wakaendesha maabara pamoja kwa miongo kadhaa huku wakilea mabinti wawili. Mwaka 1996 Cory akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi hiyo, akakaa hadi 2009.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu yao ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha kosa linalotokea katika limfoma ya Burkitt. Kila seli yetu ina kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni. Katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujishika kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho kimebeba jeni iitwayo myc, ambayo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Inapohamia pale, inakuwa jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika chembe hizi haizimwi. Basi na myc nayo haizimwi. Seli zinagawanyika, zinagawanyika tena, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Lakini hii ilikuwa nusu tu ya hadithi, na nusu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi.

Tumezoea kudhani kifo cha seli ni kitu kibaya. Si hivyo. Mtoto akiwa tumboni, viganja vyake huanza kama kijiko, vidole vimeunganishwa na ngozi. Seli za katikati hufa kwa mpango na vidole vinaachana. Hata mwilini mwako sasa hivi, unaposoma kwenye simu, mabilioni ya seli zilizochoka au kuharibika zinajimaliza kila siku bila wewe kuhisi lolote. Mwaka 1972 wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa kifo hiki jina la Kigiriki, apoptosisi, lenye maana ya kupukutika, kama majani ya mti.

Kwa miaka mingi waliolijali jambo hilo walikuwa wachache. Wengi waliamini saratani ni suala la seli kuzaana kupita kiasi, basi.

Mwaka 1988 mwanafunzi wa maabara ya Cory na Adams, David Vaux, alichukua jeni nyingine, bcl-2, iliyokuwa imegunduliwa katika limfoma ya watu wazima, akaiingiza kwenye seli za damu. Kisha akaziondolea kirutubisho kinachozifanya ziishi. Zilitakiwa kufa. Hazikufa. Wala hazikuongezeka, zilibaki tu, hai. Ikaonekana kazi ya bcl-2 si kuzalisha seli bali kuzizuia zisife.

Fikiria daladala. Inaweza kujaa kwa sababu abiria wanapanda kwa fujo kila kituo, au kwa sababu konda amegoma kufungua mlango na hakuna anayeshuka. Myc ni wale wanaopanda. Bcl-2 ni yule konda. Mwaka 1990 maabara hiyo ilionyesha kuwa panya wenye hitilafu zote mbili hupata saratani haraka kuliko wenye moja tu.

Swali likawa: tunawezaje kumwondoa konda mlangoni? Jibu lilichukua miaka 28. Kidonge cha venetoclax, kinachoizuia protini ya bcl-2 ili seli za saratani zirudi kufa kama kawaida, kilitengenezwa na kampuni za dawa kwa kushirikiana na taasisi ya Melbourne, na wagonjwa wa mwanzo wa majaribio walikinywa Melbourne mwaka 2011. Marekani ilikiidhinisha Aprili 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu ya watu wazima.

Ndiyo, ya watu wazima. Naandika hili wazi ili mzazi asitoke hapa akaanza kuulizia kidonge hicho kwa ajili ya mwanawe. Limfoma ya Burkitt inatibiwa kwa dawa za zamani za saratani, hasa cyclophosphamide, ambazo Burkitt mwenyewe alizitumia Kampala na kuona uvimbe ukiyeyuka. Na habari njema iko hapo hapo: seli za ugonjwa huu zinagawanyika haraka, lakini pia ni rahisi kuzisukuma zife. Chini ya hadubini uvimbe huonekana kama anga lenye nyota. Zile nyota ni chembe kubwa zinazomeza mabaki ya seli zilizokwisha kufa. Katika nchi tajiri watoto takribani tisa kati ya kumi wanapona. Kwetu wanaopona ni pungufu sana, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa na kukatisha dozi.

Kuchelewa mara nyingi huanzia kwenye jino. Mtoto wa miaka minne hadi saba, wa kiume zaidi ya wa kike, shavu linavimba, meno yanalegea bila umri wa kung'oka, na wengi huona ni jino bovu. Linang'olewa, uvimbe unaendelea. Wengine huanza na jicho kutokeza au tumbo kukua haraka. Uvimbe wa jino hupungua kwa matibabu ya jino. Huu unaongezeka wiki hadi wiki, na mara nyingi hauumi mwanzoni, jambo linalompumbaza mzazi. Ukiona shavu au tumbo linakua namna hiyo, omba rufaa siku hiyo hiyo. Kwa Tanzania, hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC zina huduma ya saratani za watoto. Uganda ina Taasisi ya Saratani pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu huu.

Siku za kwanza za matibabu huwashangaza wazazi. Mtoto anawekewa dripu za maji mfululizo, mkojo unapimwa, damu inachukuliwa mara kwa mara, na wapo wanaodhani hali imekuwa mbaya zaidi. Ukweli ni kwamba dawa imefanya kazi: seli zinakufa kwa wingi kwa wakati mmoja, na taka zake zinaweza kuzilemea figo. Maji yale ni ya kuzisafisha. Ndiyo maana hatakiwi kutibiwa akitokea nyumbani mwanzoni.

Mtego wa pili ni uvimbe kuisha. Baada ya mzunguko wa kwanza shavu linaweza kurudi kama zamani, mtoto anacheza, nauli imekwisha, na shambani kuna kazi. Seli chache zilizobaki hazionekani kwa macho, na kwa kasi ile ya myc hazihitaji muda mrefu. Kabla hujaondoka wodini, muulize daktari mizunguko imebaki mingapi na tarehe zake, andika kwenye daftari la kliniki, na kama nauli ni tatizo mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku hiyo hiyo.