Kukaa na Kufanya Biashara Ng'ambo ya Likoni

Karani afanyaye kazi katika kisiwa cha Mombasa akisikia ya kwamba kodi ya nyumba ng'ambo ya Likoni ni nafuu, hufunga mizigo yake akavuka. Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilikwenda kupanga Ng'ombeni, mahali ambapo Mombasa yakoma na Kwale yaanza, pamoja na mke wangu na watoto wawili, nikiwa na nia ya kuuza mazao kidogo ili kuusaidia mshahara. Nilihesabu kodi, nikahesabu nauli ya matatu, nikaona faida mbele yangu. Jambo nisilolihesabu lilikuwa maji.

Mlango wa bahari wa Likoni upana wake ni kama mita 500 tu. Mtu asimamaye ukingo huu aweza kuwaona watu wa ukingo wa pili wakinunua mahindi ya kuchoma. Kivuko kimekuwapo tangu 1937, na waendao kwa miguu hawalipi kitu. Wenye magari ndio walipao. Husemwa ya kwamba watu kama 300,000 huvuka kila siku. Kwa hiyo mgeni hudhani ya kuwa kuvuka si kazi, naye husadiki hivyo mpaka siku atakapokuwa na mzigo.

Mwaka wangu wa kwanza, katika msimu wa maembe wa Desemba, nilinunua matenga kumi na mawili ya boribo huko Tiwi, nikakodi gari dogo la mizigo ili niyafikishe soko la Kongowea. Wasomaji wajuao Mombasa watakumbuka ya kuwa soko hilo liko bara ya kaskazini. Basi mtu atokaye kusini hana budi kuvuka kivuko, akate kisiwa chote, kisha apite daraja la Nyali. Wanunuzi wakubwa wa Kongowea hufika alfajiri. Mimi nilifika Likoni saa moja na nusu asubuhi. Feri moja ilikuwa imeharibika, na foleni ya magari ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa ya mteremko. Tulikaa juani muda wa saa nne. Nilipofika sokoni wanunuzi wamekwisha kwenda zao, na maembe ya chini ya matenga yameanza kutoa maji. Niliyauza kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu mpaka siku ya tatu.

Mzee mmoja jirani yetu, Mdigo aliyefanya biashara ya nazi maisha yake yote, aliposikia habari hiyo aliniuliza, "Mwanangu, uliutazama mwezi?" Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe sivyo. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo hukauka kabisa karibu na saa nne au saa tano za asubuhi. Maji yakikauka, ule mlango wa chuma wa feri huteremka sana, na malori yenye shehena hupanda kwa taabu, moja moja, huku foleni ikizidi kurefuka. Siku za maji mafu taabu hiyo hupungua. Tangu siku ile sipangi kuvusha mzigo kabla ya kuuliza habari za mwezi, nami hujitahidi niwe kivukoni kabla ya saa kumi ya usiku, kwani feri haifungi usiku.

Yako mambo yaliyojaribiwa ili kupunguza taabu hii. Mwanzoni mwa 2021 watu walianza kupita daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lakini kwa kuwa meli za Kilindini hazina njia nyingine ya kuingilia, daraja lile halikuweza kuachwa wazi mchana kutwa. Barabara ya Dongo Kundu nayo, ipitayo juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, huwapa wenye malori njia ya kutokea Miritini hata kusini bila kugusa feri. Hilo ni jambo jema sana kwa mwenye lori. Lakini mwenye matenga mawili aendaye Mwembe Tayari haoni faida ya kuzunguka mbali kiasi hicho.

Wala tusisahau ya kuwa maji haya yameua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuko, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Wengi walikuwa watu kama sisi, waendao kazini asubuhi. Ndiyo sababu wazee wa Mtongwe, wakiona feri imejaa, husimama kando wakangoja ya pili, hata kama vijana watawacheka.

Sasa nitaje mwanamke aliyenifundisha biashara kuliko mtu ye yote. Ni mama wa makamo auzaye karibu na njia ya kushukia kivukoni, upande wa Likoni. Huuza madafu, mihogo ya kukaanga na nazi zilizofuliwa. Nilimwuliza kwa nini havuki akauze mjini, ambako bei ni kubwa zaidi. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mtoto, akasema, "Bwana karani, mji wote wapita hapa asubuhi, na jioni warudi. Mimi niufuate wapi?" Asubuhi hawauzii nazi, maana hapana aendaye ofisini na nazi mkononi, huwauzia mihogo. Nazi huziweka mpaka jioni, watu warudipo wakikumbuka kitoweo. Naye akibakiwa na nazi ishirini halali na huzuni, kwa sababu nazi kavu haiozi kesho wala kesho kutwa.

Nilikwenda nyumbani nikafikiri. Maembe yangu yalikuwa yakishindana na saa, na mimi nilikuwa nimeyaweka mahali ambapo saa si yangu. Basi niliacha matunda nikashika nazi na makuti. Nazi huanguliwa na mkwezi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hufuliwa shambani kwa kifuo, na makumbi huachwa huko huko, hata mzigo ukawa mwepesi. Makuti yaliyoshonwa hungoja mnunuzi kwa majuma mengi pasipo kudai chakula. Tena wanunuzi wa makuti wengi wako upande wetu huu huu, katika nyumba za wageni za Diani, safari ya kilomita zisizozidi 30 kwa barabara njema, pasipo feri. Yafaa mkulima wa Matuga ajiulize kwanza kama mnunuzi wake hayuko kusini, kabla hajaupeleka mzigo wake majini.

Limebaki shauri la ardhi, nalo ndilo zito. Katika mwambao mtu aweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi, au kuwa na minazi hamsini juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya 1908 ilimtaka kila adaiye ardhi mwambaoni apeleke madai yake. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali, na wako wengi ambao babu zao hawakupeleka neno lo lote. Likoni penyewe, ekari 930 za shamba moja zilikaliwa na maelfu ya watu wasio na hati, mpaka Serikali ilipolinunua shamba hilo na kuwapa hati mwezi wa Januari 2016, wakatakiwa kulipa shilingi 182,000 kila mmoja kidogo kidogo.

Rafiki yangu mmoja wa kazini alinunua nyumba nzuri ya vyumba sita, akalipa kwa akiba ya miaka tisa. Karatasi aliyopewa ilitaja kuta, mabati na milango. Haikutaja ardhi, naye hakuuliza. Leo humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, na benki haimkopeshi hata senti kwa nyumba ile.

Mimi nilipotaka kiwanja, yule mzee wa nazi alinitembeza katika kipande kimoja kizuri, akanionyesha kila mnazi na jina la aliyeupanda. Kisha akasema, "Miti naijua. Ardhi kaulize ofisini." Nilikwenda ofisi ya ardhi, nikalipa ada ya kupekua daftari, nikakuta kipande kile kina jina la mtu ambaye hapana hata mmoja kijijini amjuaye. Nilimrudishia mzee habari hiyo. Hakustaajabu hata kidogo. Aliniuliza kama bado nahitaji makuti ya Jumamosi.