Gari Likibomoa Duka: Faini Si Fidia

Wasomaji wetu wanaokaa Usagara, pale barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo, hawana haja ya kuelezwa wingi wa magari. Zamani malori yalijipanga kungojea kivuko cha Busisi. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, daraja lilipofunguliwa, yanapita moja kwa moja kwenda Sengerema na Geita. Twashukuru kwa neema hiyo. Lakini palipo na magari pana ajali, na si kila ajali humwaga damu. Nyingine huharibu mali tu, nazo ndizo watu huzinyamazia hata haki zao zikapotea.

Natuchukue mfano. Mama mjane ana duka kando ya njia. Lori linaacha barabara, linabomoa ukuta, linaponda friji na magunia ya mchele. Polisi wanafika na kupima. Dereva anashtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, anakiri, anatozwa faini. Majirani wanampongeza mama: umeshinda! Kumbe hakushinda kitu. Faini ni ya Serikali, wala haijengi hata tofali moja la ukuta wake. Ile ilikuwa kesi ya Jamhuri na dereva. Ya kwake yeye bado haijafunguliwa.

Kesi yake ni ya madai, nayo ina muda. Dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na wengi huimaliza miaka hiyo kwa “njoo kesho” za mwenye gari. Mahali pake ni Mahakama ya Wilaya, kwani Mahakama ya Mwanzo haikupewa madai ya namna hii. Wala asimdai dereva peke yake, ambaye pengine hana ila mshahara wake. Amtaje na mwenye lori, kwa kuwa mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake alilolitenda kazini. Ile hukumu ya faini asiitupe. Ikishapita nafasi ya kukata rufaa, yathibitisha kwamba dereva alikosa.

Na bima je? Watu huona stika kwenye kioo wakadhani mambo yamekwisha. Bima iliyolazimishwa na sheria, ambayo asili yake ni ya mwaka 1945, iliwekwa kwa ajili ya vifo na majeraha ya watu. Ukuta na friji hutegemea mkataba wa bima yenyewe umesema nini, basi na aulize mapema.

Lililo gumu ni ushahidi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara halisi sharti itajwe bayana katika madai, kisha ithibitishwe. Hapa ndipo wenye haki wengi huanguka: friji ilinunuliwa bila risiti, mchele haukuandikwa popote. Picha zipigwe kabla ya kifusi kuondolewa. Daftari la duka, makadirio ya fundi na nakala ya ramani ya ajali kutoka polisi vihifadhiwe pamoja.

Wako watakaomnong’oneza mama: magunia yalikuwa 4, sema 10, mwenye lori ni tajiri. Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya kwamba yeye mwenyewe huhukumu kwa anayoyasikia, na aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Tajiri naye ni mwenye haki katika mali yake.

Suluhu ikipatikana, ni bora. Qur’ani, Sura ya 21, yataja hukumu ya Daud na Sulaiman juu ya shamba lililoharibiwa usiku na mifugo. Wafasiri wasema Sulaiman alimpa mwenye shamba manufaa ya mifugo, na mwenye mifugo akapewa kazi ya kulirudisha shamba kama lilivyokuwa, kisha kila mtu akachukua chake. Vivyo hivyo mwenye lori aweza kukubali kujenga ukuta na kulipa kidogo kidogo. Ahadi hiyo ikiandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, huwa mkataba. Deni lake, lisipozidi shilingi milioni 30, laweza kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo, na muda wake ni miaka 6. Lakini karatasi iandikwe mapema, kabla lori halijavuka daraja.