Waliuliza Ajali Ilitokea Wapi

Siku za msiba wa kaka yangu, watu walioingia uani walimshika wifi mkono, wakampa pole, wakakaa kidogo, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: ajali ilitokea wapi? Hawakuwa na nia mbaya. Dereva wa lori akifariki, mawazo ya watu hukimbilia mlimani, kwenye breki na gari lililolala ubavu. Tukawa na kazi ya kujibu kwamba hapakuwa na ajali.

Kaka aliendesha malori makubwa kwa zaidi ya miaka 30, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi na Kolwezi kule Kongo, na hakuwahi kuangusha gari wala kugonga mtu. Alianguka akiwa chini, kwa miguu yake mwenyewe, Tunduma, mpakani na Zambia, mkononi ameshika bahasha ya karatasi za forodha. Kiharusi. Katika hospitali waliyomkimbizia, Mbeya, daktari alituambia presha ilikuwa juu kwa muda mrefu na figo zilishaanza kuchoka. Yeye mwenyewe hakujua. Hakuna aliyewahi kumpima presha.

Niliona jinsi jibu letu lilivyowatuliza waombolezaji. Kumbe alikufa kitandani, walisema, Mungu amemstahi. Ni kweli, tulimzika akiwa mzima wa mwili. Lakini mimi sikutulia. Barabara haihitaji kumpindua dereva ili immalize. Inaweza kumla polepole, kidogo kidogo kila safari, na siku ya mwisho ikaonekana haihusiki.

Sisi ni watu wa Morogoro, na nyumba ya wazazi wetu iko karibu na barabara ya kwenda Iringa. Kaka alianza utingo mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijatimia. Mzee aliyemchukua alikuwa mmoja wa madereva walioijua njia ile kabla haijawa na lami. Kaka alimheshimu kama baba wa pili, na simulizi zake ndizo zilizomfanya aamini kwamba udereva ni kazi ya mtu mwenye heshima zake.

Simulizi hizo zina mizizi katika historia yetu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba yake na kupokea mafuta yake kupitia kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, mapipa juu ya mapipa, kwenye barabara ya vumbi ambayo masika iligeuka tope la kumeza ekseli. Wageni waliipa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya malori ya pamoja, ikishirikiana na Waitalia na kutumia malori ya Fiat. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata. Tunawakumbuka Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wanastahili. Lakini kabla ya bomba na reli, Zambia iliishi kwa mikono ya madereva na matingo waliolala chini ya matela yao. Wengi wao hawana hata jina lililoandikwa mahali.

Kaka alipokabidhiwa usukani, aliurithi ustadi wa wazee hao. Niliushuhudia nikiwa mwanafunzi wa sekondari Iringa. Likizo zikifika, kama safari yake iliangukia vizuri, nilirudi nyumbani naye. Kutoka Ilula barabara inaanza kukitafuta kina cha bonde la Ruaha, na hapo ndipo ulipo Mlima Kitonga: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kona inafuata kona. Safari moja kaka alikuwa na shaba nyuma yake, mabamba mazito yaliyofungwa kwa minyororo. Kabla ya kuanza kushuka alisimama, akateremka, akazunguka gari zima. Aligonga matairi kwa nondo akisikiliza mlio, akapapasa mipira ya upepo, akanusa. Kisha akapanda, akaingiza gia ndogo, akaacha injini ilie na kulishika gari. Breki aliigusa kidogo na kuiachia.

Magari mengine yalitupita. Nikamwuliza kwa nini sisi tunatambaa. "Mdogo wangu," akasema bila kunitazama, "mlima ulioupanda kwa gia ndogo, unaushuka kwa gia ndogo. Ukiing'ang'ania breki inapata moto, ikipata moto haishiki, na hapo huna tena cha kuomba ila Mungu." Kila baada ya dakika chache aliangalia mshale wa kipimo cha upepo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye magenge ya vitunguu, alizima gari, akakaa kimya kidogo, ndipo akaanza kuongea na kucheka na wauzaji.

Sikujua wakati ule kwamba mwendo ule ulimgharimu fedha. Katika magari mengi ya mizigo dereva hupewa posho ya safari na mafuta ya kukadiriwa. Mshahara wenyewe, pale unapokuwepo, ni mdogo, kwa hiyo anayewahi kurudi ndiye anayewahi kupakia tena, na anayebakiza mafuta ana chochote cha kuuza. Ndiyo maana wako wanaoshusha milima na gia huru, injini inavuta mafuta kidogo tu, gari linaporomoka kwa uzito wake. Mzigo na gari pamoja vinaweza kufikia tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa mizani. Uzito huo ukishaanza kukimbia bila gia, mwanadamu hana la kuufanya. Tukiona ajali tunasema dereva mzembe. Mara nyingi ni kweli, lakini uzembe huo una anayeulipia.

Kaka hakufuata njia hiyo, na hakujisifu kwa hilo. Alikuwa na kasoro zake nyingine. Alikuwa mkali, na ukali wake ulizidi siku za mwanzo baada ya safari, kabla hajazoea tena kelele za nyumba. Watoto wake walizaliwa yeye akiwa Mpika, au Kapiri Mposhi kule Zambia, au kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambako malori hujipanga kilomita kwa kilomita yakisubiri kuingia Kongo. Wifi aliwalea, akajenga, akauguza wazee, na kila alipoulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwa jina la mpaka. Akirudi, kaka alijaribu kulipa deni kwa zawadi: vitenge vya Kongo kwa mama, mchele wa Chimala, nyanya za Ilula, na hadithi alizozisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi hadi watoto wakagaragara kwa kicheko. Kisha simu ya bosi inaita, naye anaanza kutafuta viatu.

Maisha yake halisi yalikuwa ndani ya kichwa cha lori. Kitanda nyuma ya kiti. Jiko la mchina, sufuria, dumu la maji. Ugali na dagaa vikipikwa kivulini kwa tela, chumvi ikitiwa bila kupimwa. Alijizoesha kunywa maji kidogo ili asisimame simame, na soda nyingi ili asisinzie. Alikaa kitini kutwa, akalala vipande vya usiku, sikio moja likisikiliza wezi wa mafuta na wakata turubai. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu ujana hadi uzeeni. Ukiwapa watu wengine maisha hayo kwa mwaka mmoja tu, wataugua, nawe utaona sababu.

Kinachonichoma ni kwamba mwili wa kaka haukusahauliwa na walimwengu. Mara mbili ulitazamwa kwa makini sana. Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1990. Ukimwi ulikuwa ukizikausha familia kando ya barabara kuu, na dereva wa lori akawa ndiye mtuhumiwa. Yapo yaliyofanyika kwa nia njema na faida kubwa: AMREF na mashirika mengine yalipeleka elimu na kondomu kwenye vituo vya malori, na naamini kazi hiyo iliokoa wengi, pengine hata kaka. Lakini mitaani ilibaki tuhuma tupu. Aliporudi safari moja amekonda kwa malaria, majirani walinong'ona, na wifi alishauriwa na watu wazima aondoke mapema. Hakuondoka.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, madereva wa malori wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kupimwa mipakani Afrika Mashariki. Mei mwaka huo Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde baada ya maambukizi kuongezeka pale. Kaka alikuwa upande wa Tunduma, kwenye foleni. Madereva walikataliwa kuingia katika baadhi ya maduka, wakaambiwa wanaleta ugonjwa, ilhali unga, dawa na mafuta ya nchi kadhaa vilikuwa migongoni mwa magari yao. Alinipigia simu usiku mmoja akaniambia, "Dada, sisi tukisimama tunalaumiwa, tukitembea tunaogopwa."

Mara zote hizo mbili walimpima ili kujua anaweza kuwaambukiza wengine nini. Damu yake ilichukuliwa, pua yake ikaingizwa kijiti. Hakuna aliyemfunga kitambaa mkononi akampima presha, kitu cha dakika chache. Hakuna aliyetaka kujua barabara inamwekea yeye nini mwilini. Alihofiwa kama hatari, hakuwahi kutunzwa kama mtu.

Naye hakuwa mnyonge wa kusubiri huruma. Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi na malori walipogoma nchini, kaka aliegesha gari pamoja na wenzake. Watu wengi walikumbuka kero ya usafiri na ubishi juu ya kurudi darasani kila leseni inapohuishwa. Kwake yeye jambo kubwa lilikuwa moja: mkataba wa kazi. Karatasi inayosema huyu ni mwajiriwa, analipwa hivi, anapumzika lini, akiugua nani anamtibu. Aliyemwajiri wakati ule hakumpa karatasi hiyo, na waliofuata walitofautiana. Wapo waliompa, wapo waliomwahidi. Sheria inataka mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ufikie asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana. Wifi alipokwenda kufuatilia mafao, alikuta michango ya marehemu ina mapengo marefu, miaka mizima ambayo kwenye vitabu ni kama kaka hakufanya kazi yoyote. Miaka hiyo alikuwa akivuka hifadhi ya Mikumi usiku, akipunguza mwendo ili asigonge nyati.

Waliomzika kwa haki yake walikuwa wenzake. Kundi lao la WhatsApp lilichanga kabla sisi ndugu hatujakubaliana kikao kiwe saa ngapi. Mmoja alimsindikiza marehemu kutoka Mbeya. Siku ya maziko malori yalijipanga pembeni ya barabara, na madereva wakaja na nguo zao za safari, wengine wana saa moja tu ya kukaa. Ndio waliotuambia mambo tusiyoyajua: vijana aliowafundisha usukani bila kuwatoza, na utingo mmoja aliyemrudisha shule kwa nguvu. Mmoja alisema alipokuwa nyuma ya kaka kwenye kona aliiamini indiketa yake kuliko macho yake mwenyewe. Akiwasha ya kushoto, unapita. Akiwasha ya kulia, unatulia, hata kama unaona barabara nyeupe mbele yako.

Mtoto wake wa pili sasa ana leseni ya daraja E na anaendesha njia ile ile. Sikumkataza. Ni kazi halali, ni ustadi, na nchi yetu na jirani zetu haziishi bila yake. Nilimnunulia kipimo cha presha, kikae kwenye kichwa cha gari pamoja na spana na jeki, na tulikubaliana atanitumia namba kila akifika Tunduma. Hanitumii kila mara, nami simwachi. Namwuliza mpaka ajibu.

Lakini afya ya dereva haiwezi kuachwa mikononi mwa shangazi yake. Mizani tunazo njia nzima, na malori ya mizigo hupita hapo. Mahali tunapopima uzito wa mzigo hapashindwi kuwa na muuguzi wa kupima presha na sukari. Mwenye gari anayebadilisha oili kwa tarehe anaweza pia kumpeleka dereva wake kliniki kwa tarehe. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Iwafikie watu ambao kijiji chao ni barabara. Mkataba uandikwe kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Na sisi wenye ndugu, waume na baba walioko safarini, tusiwaulize tu wamefika wapi na wanarudi lini. Tuwaulize mara ya mwisho walipima lini, na kama hawakumbuki, wasiondoke kabla hawajapimwa.

Kaka alishusha milima yote ya njia ile kwa kuangalia kipimo cha upepo. Alistahili mtu wa kumwangalia yeye.