Kutu na Papa Upanga: Majina Mawili na Kazi ya Kamusi

Mtunga kamusi akutanapo na jina la kiumbe hana budi kujiuliza: je, jina hili laeleza asili ya kiumbe, au laeleza sura yake tu? Yafuatayo ni majina mawili, moja la shambani na moja la baharini, yaliyotokana na sura.

Katika uwanda wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mahindi ni zao kubwa. Jani la muhindi likitokwa na vipele vya rangi ya hudhurungi, navyo vikipanguswa kwa kidole vikaacha unga, husemwa kwamba limeingia kutu. Mfano huo wawafaa hasa Wafipa, ambao wazee wao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Walakini kutu ya chuma haina uhai. Ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Kutu ya mahindi ni kuvu, ambayo wataalamu huiita Puccinia sorghi, nayo hujilisha katika jani lililo hai. Unga ule ni mbegu zake, zichukuliwazo na upepo toka shamba hata shamba. Umande na mvua huzisaidia kuota, lakini havizizai.

Huko pwani nako, wavuvi humwita samaki mmoja papa upanga, kwa kuwa umbo lake ni kama la papa, na pua yake ndefu ina meno pande zote mbili. Lakini matundu ya matamvua yake yako chini ya mwili, si ubavuni kama ya papa. Kwa hiyo yeye ni wa jamii ya taa. Pua hiyo hunaswa upesi nyavuni, naye hazaliani kwa wingi. Ndiyo maana yu karibu kutoweka duniani.

Kosa la maana huleta hasara. Aidhaniye kutu ya mahindi kuwa ni tokeo la mvua tu hatatafuta mbegu istahimiliyo ugonjwa. Naye amhesabuye papa upanga pamoja na papa wengine hatatambua kwamba anapungua.

Majina haya yasibadilishwe, kwani walioyatunga waliangalia vema. Yatupasa kueleza katika fasili yale ambayo jina halisemi, ili hata mwanafunzi wa Sumbawanga, ambaye kwake taa ni chombo cha mwanga tu, aelewe.