Munkoyo: kutoka uji hadi pombe. Maelezo kwa anayeanza

1. Utangulizi

Munkoyo ni kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ya porini, kinachofahamika sana Katanga, mjini Lubumbashi na vijijini, na vilevile ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Siku ya kwanza huwa kitamu na hupewa hata watoto. Siku zinazofuata huwa kikali na huingia katika jamii ya pombe. Jina lake limetoka katika lugha za eneo hilo, Kibemba kikiwa mojawapo. Kiswahili cha Katanga kililipokea neno pamoja na kinywaji chenyewe, na hulitumia kwa vyote viwili: mzizi na kinywaji.

Watu wengi waliokunywa munkoyo tangu utotoni hawajapata kuutengeneza. Wanapojaribu, mara nyingi hupata uji mzito uliochacha, usio na utamu wala ukali. Chanzo cha kosa hilo kwa kawaida ni kimoja: mzizi hudhaniwa kuwa ni hamira. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba mzizi na chachu vina kazi mbili tofauti, tena zinazofuatana, na kwamba anayeelewa mfuatano huo hatapoteza unga wake. Katika nyumba ambamo unga huo ungekuwa bukari ya jioni, hasara hiyo si ndogo.

2. Kazi mbili, maneno mawili

Chachu hula sukari na kuigeuza kuwa pombe na hewa ya kaboni. Lakini haiwezi kula wanga, na punje ya mahindi makavu imejaa wanga. Kwa hiyo kila pombe ya nafaka inahitaji kazi ya kwanza, yaani kuuvunja wanga uwe sukari, kabla ya kazi ya pili, yaani kuchachua.

Kiswahili kimezitenga kazi hizi kwa maneno mawili. Kimea limetokana na kitenzi kumea: ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa na kusagwa. Punje inapoota hutoa vimeng'enya vinavyouvunja wanga ili mche upate chakula. Chachu limetokana na kuchacha. Nchini Tanzania, togwa hupata utamu wake kutokana na kimea, na unaweza kunywewa kabla chachu haijafanya kazi yake. Tofauti ya hatua hizo mbili inaonekana hapo waziwazi. Huko Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga dutu inayouvunja wanga kutoka katika kimea cha shayiri mwaka 1833. Watengenezaji wa pombe za nafaka walikuwa wakitumia nguvu hiyo tangu zamani za kale.

Si kila pombe inayohitaji kazi ya kwanza. Mgema hupata utomvu ambao tayari ni mtamu; kwake kazi ya chachu yatosha. Kadhalika kasiksi ya Kivu hutengenezwa kwa ndizi zilizoiva, na kuiva huko ndiko kulikogeuza wanga wa ndizi kuwa sukari.

Upekee wa munkoyo uko hapa: kazi ya kimea imepewa mzizi. Mimea inayotumika ni ya jamii ya kunde, hasa ya jenasi za Rhynchosia na Eminia, na mizizi yake ina vimeng'enya vya kuvunja wanga. Mtengenezaji hana haja ya kungoja siku kadhaa nafaka iote.

3. Hatua za kufuata

Kwanza, uji. Kilo 1 ya unga wa mahindi yatosha kwa lita 8 hadi 10 za maji. Unga hukorogwa katika maji baridi, hutiwa katika maji yanayochemka, kisha huachwa juu ya moto mdogo kwa muda wa saa moja hivi, huku ukikorogwa kwa mwiko. Kupika huku si kwa ajili ya ladha tu. Wanga mbichi umefungamana. Ukipikwa hufumuka, na vimeng'enya hupata njia ya kuufikia.

Pili, mzizi. Mizizi huoshwa na kutwangwa mpaka nyuzinyuzi zake zitengane, kwa kuwa vimeng'enya haviwezi kutoka katika mzizi mzima. Kiasi chake hupimwa kwa mkono na mazoea, kwani mizizi hailingani kwa nguvu. Anayeanza na amwulize anayemuuzia.

Tatu, joto. Hii ndiyo hatua inayoamua yote. Uji ukiwa bado unachemka, joto huviua vimeng'enya; ukiwa umepoa kabisa, hufanya kazi kwa uvivu na uchachu huwahi kuingia. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 50 na 60. Asiye na kipimajoto ana njia rahisi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na maji huchemka huko karibu na nyuzi 96. Kikombe kimoja cha maji yanayochemka kikichanganywa na kikombe kimoja cha maji ya kawaida, huwa karibu na nyuzi 60. Chombo chenye mchanganyiko huo huguswa kwa nje, kwa haraka. Uji unapofikia joto hilo au kupungua kidogo, wakati umewadia.

Nne, kungoja na kutazama. Mzizi hutiwa, uji hukorogwa na kufunikwa. Dalili ya kufaulu huonekana kwa macho: uji mzito huanza kulegea, kisha huwa mwepesi kama maji ya mchele, na ukionjwa una utamu ambao haukuwamo. Utamu huo ni wanga uliogeuka. Uji usipolegea, hakuna haja ya kuongeza hamira, kwa maana chachu haina cha kula. Tatizo liko katika mzizi au katika joto.

Tano, kuchachua. Baada ya saa chache kinywaji huchujwa na kuwekwa katika chombo safi. Chachu na bakteria wa uchachu huingia pamoja na mzizi au hubaki katika mtungi uliozoea kazi hiyo. Mwenye munkoyo wa zamani uliofaulu huongeza kikombe chake ili kuharakisha. Kesho yake kinywaji huwa kitamu chenye uchachu kidogo. Siku ya pili na ya tatu povu huongezeka na ukali pia.

4. Tahadhari

Sukari inapochachuka, karibu nusu ya uzito wake huwa pombe na nusu nyingine huwa hewa. Kwa hiyo chupa isifungwe kwa nguvu wakati povu lingali linapanda, huweza kupasuka.

Uchachu ni mlinzi, kwa sababu viini vingi vya maradhi havistawi ndani yake, lakini pia huyeyusha madini. Munkoyo usiwekwe katika ndoo ya mabati yenye zinki, wala katika pipa lililowahi kubeba dawa au mafuta. Katika eneo la migodi, ambamo mapipa matupu huuzwa kwa bei nafuu, onyo hili lina uzito wa pekee. Chungu, sufuria isiyopata kutu au plastiki ya chakula vyafaa.

Munkoyo usichanganywe na lutuku. Lutuku ni pombe ya kutoneshwa: hupikwa na mvuke wake kukusanywa, na ina hatari zake mbali kabisa na haya yaliyoelezwa hapa.

5. Hitimisho

Mzizi wa munkoyo huchimbwa porini, na mmea uliong'olewa wote haurudi. Misitu ya miombo inayoizunguka Lubumbashi imepungua sana kwa ajili ya makala na mashamba, na mchimbaji hulazimika kwenda mbali. Aliyejifunza kwamba mzizi ni hamira atafikiri kuwa hamira ya dukani yaweza kushika nafasi yake, naye atapata uji mchachu. Aliyejifunza kwamba kazi ya mzizi ni ile ya kimea atajua la kufanya mizizi inapokosekana: ataloweka mtama, mahindi au ulezi, ataacha uote, na kazi itaendelea, ingawa ladha haitakuwa ileile. Neno kimea lilikuwa limekwisha kulisema hilo.