Mhasibu wa kwaya na daftari la mtaa

Kabla hujaingia ibadani asubuhi hii, jiulize: mara ya mwisho kijana wako kufika ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa lini, na alifuata nini?

Jibu nadhani nalijua. Alifuata barua. Anaomba kazi, anafuatilia kitambulisho cha Taifa, anafungua akaunti au anakwenda kumdhamini mwenzake polisi, na kila anakopita anaambiwa alete barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtaa. Anakwenda, anakaa kwenye benchi, anagongewa muhuri, anaondoka. Hatarudi mpaka itakapohitajika barua nyingine.

Sasa fungua Biblia yako kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Najua ni sura inayorukwa, maana imejaa majina. Mimi niliwahi kupangiwa kuisoma mbele ya usharika nikajikwaa mara sita, watoto wa Sunday School wakacheka. Lakini isome taratibu. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketezwa kwa moto. Nehemia amekuja kutoka Shushani, amezunguka usiku akiuangalia uharibifu, kisha kazi inagawanywa. Na inagawanywaje? Mara kadhaa katika sura ile utaona mtu anatengeneza kipande kilicho mbele ya nyumba yake mwenyewe. Yedaya, mbele ya nyumba yake. Benyamini na Hashubu, vivyo hivyo. Meshulamu anajenga kuelekea chumba chake. Labda hakuwa na zaidi ya chumba, kama wapangaji wengi wa mijini leo.

Wamo mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu, mkubwa wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, na aliokwenda nao kazini ni binti zake, mstari wa 12. Yumo Malkiya, naye mtawala wa eneo lake, aliyetengeneza Lango la Jaa, pale uchafu wa mji ulipopitishwa. Na wametajwa pia wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama kwenye kazi (mstari wa 5), wakati watu wao wa kawaida walijenga. Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Huo ni mtaa, msomaji wangu. Mtaro ulio mbele ya nyumba yako, jalala lililo nyuma ya shule, uwanja ambao vijana wanachezea mpira na siku moja wanakuta umepigwa nguzo za uzio. Mambo hayo yanazungumzwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Kwa utaratibu wa nchi yetu, kila mkazi wa mtaa aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Haulizwi kadi ya chama. Haulizwi kama amepanga au amejenga. Ana haki ya kusikia mapato na matumizi yakisomwa na ana haki ya kuuliza.

Ukitaka kugombea uenyekiti wa mtaa ndipo masharti yanapoongezeka: uwe umefikisha miaka 21 na udhaminiwe na chama cha siasa. Hapo wazazi wengi wa Kikristo hushituka. "Siasa mchezo mchafu, mwanangu, wewe shika Biblia yako." Sitawabeza, kwa sababu uchaguzi wa Novemba 27, 2024 ulikuwa na malalamiko mengi ya wagombea kuenguliwa, na wapo vijana waliotoka pale wamevunjika moyo. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kugombea ni jambo la wachache walioitiwa huko. Kukaa kwenye mkutano wa mtaa wako na kuuliza kalavati limefikia wapi ni jambo la kila mkazi, hata mwanakwaya.

Na hapa ndipo ninapotaka kukusimulia jambo linalonihusu.

Mtaani kwetu mkutano huitishwa Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi. Kanisa letu liko ng'ambo ya barabara. Jumamosi hiyohiyo, saa hiyohiyo, kwaya ya vijana inafanya mazoezi. Mkutano mmoja, baada ya mvua kubwa, ajenda ilikuwa michango ya kalavati la njia iendayo shule ya msingi. Kalavati lile lilikuwa limechangiwa mwaka mzima na halijaonekana. Watu tulikuwa kama 40, wengi wetu wenye mvi. Vijana niliwahesabu wakawa wanne, na wawili kati yao ni bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Kutoka ng'ambo zilikuja sauti nzuri za wanangu wakiimba, kiasi kwamba mwenyekiti aliomba mtu aende akawaombe wapunguze spika.

Aliyekwenda hakurudi peke yake. Alifuatana na binti mmoja, mhasibu wa kwaya, ambaye alikuja kuomba radhi kwa kelele. Akasimama kidogo, akasikia hoja, akanyoosha mkono. "Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza, michango inaandikwa kwenye daftari gani, na nani anaijumlisha?" Palikuwa kimya. Mzee mmoja alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwenyekiti, kwa sifa yake, hakukasirika. Alisema daftari lipo na litasomwa mkutano unaofuata.

Lilisomwa kweli. Haikuonekana hela iliyoibwa, na nasema hivi kwa sababu sisi Wakristo tuna wepesi wa kudhani mwizi yupo. Kilichoonekana ni kwamba kaya nyingi zilizolipa hazikuandikwa, na nyingine ziliandikwa mara mbili, kwa kuwa kila mkusanyaji alikuwa na karatasi yake. Hakuna aliyeweza kusema kimebaki kiasi gani. Binti yule aliombwa akae na mtendaji wa mtaa waandike upya. Walitumia siku tatu. Ni kazi ileile anayoifanya kila mwezi kwa fedha za sare na safari za kwaya.

Fikiri ni vijana wangapi wa aina hiyo tunao. Makatibu wa kwaya wanaoandika muhtasari wa kikao bila kukosea. Waliokuwa viongozi wa UKWATA na TYCS shuleni. Vijana wa VIWAWA wanaopatanisha wenzao waliogombana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wenye miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja. Kanisa limewafundisha kuendesha kikao, kutunza hela ya watu na kusema mbele ya halaiki, kisha elimu yote hiyo inaishia getini.

Kuna mahali ambapo kukosekana kwao kunaumiza zaidi, nako ni kwenye mikopo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya kuonekana fedha nyingi hazirejeshwi, na mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Maulizo yanaanzia karibu kabisa, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini mwulize kijana wa bodaboda aliyekaa nje ya kanisa lako leo. Mkopo anaoujua ni kausha damu. Amechukua laki tatu, anarejesha kila siku, akikosa siku mbili pikipiki inabebwa. Wa halmashauri anasema "ni wa watu wao". Pengine ana sababu ya kusema hivyo. Hata hivyo hajawahi kukaa mahali ambapo angeuliza hadharani ni vikundi gani vilivyopewa.

Nehemia sura ya 5 ina jambo hilihili. Ujenzi ukiwa bado unaendelea, watu wakapaza kilio: wameweka rehani mashamba na nyumba, watoto wao wanatumikishwa kwa ajili ya madeni, na wanaowadai ni ndugu zao. Nehemia alikasirika, akatafakari, kisha akaitisha kusanyiko kubwa. Wakopeshaji wakaulizwa mbele ya watu wote, nao wakakosa la kujibu. Riba ikaachwa na mashamba yakarudishwa. Kilio kile kingebaki cha chumbani kama watu wasingekusanyika na kukisema.

Nilisema nitakusimulia jambo linalonihusu, na sijalimaliza. Kwaya yetu ina kanuni: asiyekuwepo mazoezini bila ruhusa anatozwa shilingi 2,000. Binti yule alikosa Jumamosi mbili, ile ya mkutano uliofuata na ile ya kuandika daftari. Mwalimu wa kwaya alileta jina lake kwenye kikao cha wazee wa kanisa pamoja na watoro wengine. Hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Faini ikapitishwa, na aliyetia saini ni mimi, niliyekaa naye chini ya mwembe uleule nikamwona akifanya kazi. Alilipa bila neno. Wiki mbili baadaye niliipitia ile karatasi ya mahudhurio nikaona tarehe, nikashindwa kula.

Nilimfuata nyumbani kwao nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alicheka, akaniambia, "Babu, mbona yamekwisha?" Zile 2,000 nimemrudishia kutoka mfukoni kwangu. Nimeandika pia barua kwa baraza la wazee nikiomba Jumamosi ya mkutano wa mtaa mazoezi yaanze saa nane mchana, na tangazo la mkutano lisomwe kanisani pamoja na ndoa na misiba. Mwalimu wa kwaya hajakubali. Anasema tamasha liko karibu na sauti ya pili bado haijakaa sawa. Tunakutana leo baada ya ibada ya pili.