Mfanyakazi Anapougua kwa Muda Mrefu: Maneno ya Stahiki Zake

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya utoaji haki. Tangu hapo kazi ya kusanifu istilahi za sheria imekuwa na uzito mpya, kwa kuwa neno likitumika vibaya katika barua au fomu, mwenye kupata hasara si mfasiri bali ni mtu aliyetia sahihi. Makala haya yanakusudia kueleza kundi dogo la maneno hayo, nayo ni yale yanayomhusu mfanyakazi aliyekaribia umri wa kustaafu ambaye ameugua kwa miezi mingi. Tutajifunga na Tanzania Bara na mwajiriwa wa sekta binafsi, maana watumishi wa umma wana taratibu zao, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Tuanze na jina la mapumziko yenyewe. Katika maofisi mengi husikika maneno matatu, yaani ruhusa ya ugonjwa, likizo ya ugonjwa, na lile la mitaani, ED, ambalo kila mtu hulitamka idii na wachache hujua lilikotoka. ED ni kijikaratasi cha daktari kinachomwondolea mgonjwa kazi kwa siku mbili tatu. Ruhusa ni hisani, kwani huombwa, na mwenye kuombwa aweza kukataa. Likizo ya ugonjwa ni jambo jingine kabisa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, mwajiriwa anastahili likizo hiyo kwa muda usiopungua siku 126, ambapo siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na siku 63 za pili hulipwa nusu. Sharti lake kubwa ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hawezi kumkataa tabibu huyo pasipo sababu ya maana. Basi mfanyakazi anayeandika "naomba ruhusa ya ugonjwa" amejishusha mwenyewe kutoka kwenye haki hadi kwenye hisani. Yafaa aandike kwamba anaanza likizo yake ya ugonjwa, naye aambatishe cheti.

Siku 126 hizo huhesabiwa katika kile ambacho wafasiri wetu hukiita mzunguko wa likizo. Neno hili hupotosha. Msomaji akisikia mzunguko hufikiri mwaka, kwa sababu likizo anayoizoea, ile ya kila mwaka, mzunguko wake ni miezi 12. Kwa likizo ya ugonjwa mzunguko ni miezi 36. Mtu aliyezimaliza siku zote 126 katika mwaka wa kwanza hana nyingine yenye malipo hadi miaka mitatu ipite. Kwa maoni yetu, kila fomu itumiayo istilahi hii ingetaja miezi papo hapo, "mzunguko wa miezi 36", wala isiache neno peke yake. Jambo hili lina maana zaidi tunapokumbuka kuwa Kiswahili kinavuka mipaka. Nchini Kenya jina ni lile lile, likizo ya ugonjwa, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 huko yampa mwajiriwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za malipo kamili na 7 za nusu katika kila miezi 12. Jina moja, vipimo viwili vilivyo mbalimbali sana.

Hapa pana dhana potofu ya kuondolewa. Wengi huamini kwamba siku 126 zikiisha, ajira nayo imekwisha. Sheria haisemi hivyo. Kinachokwisha ni wajibu wa kulipa likizo. Mwajiri akitaka kumwachisha mgonjwa kazi hana budi kuwa na sababu ya haki na kufuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka apime chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama mfanyakazi aweza kupewa kazi nyepesi au mazingira yabadilishwe yamfae. Tena sheria ile ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya umri au ulemavu, na hivyo kauli ya "wewe sasa ni mzee na mgonjwa, pumzika" si sababu.

Sasa tuyatazame maneno ya malipo. Stahiki ni jina la jumla, yaani chochote ambacho mtu anaweza kukidai kwa nguvu ya sheria au mkataba. Mafao ni sehemu tu ya stahiki, yale yatolewayo na mfuko ambao mwanachama alichangia. (Siku hizi maofisini wamezaa na umoja wake, fao. Sikio la wazee hulikataa, lakini sarufi haina ugomvi nalo.) Fidia ni malipo kwa ajili ya madhara. Tofauti hii si ya maneno tu. Ikiwa ugonjwa umetokana na kazi, kwa mfano mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodi, mlango wa kuuendea ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Ikiwa ugonjwa haukutokana na kazi, mlango ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mgonjwa aliyeambiwa tu "fuatilia mafao yako" huenda akaubisha mlango mmoja miezi mitatu, kumbe ulimpasa mwingine.

Mfuko huu wa pili ulirithi mpango wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964, na sheria ya 1997 ndiyo iliyougeuza kuwa wa bima ya jamii. Lugha ya watu haijageuka sawasawa na sheria. Wafanyakazi wa umri mkubwa bado husema "kuchukua akiba yangu", kana kwamba wanachodai ni fedha walizoweka tu. Katika bima, mtu aliyepatwa na janga aweza kulipwa kila mwezi maadamu ametimiza masharti, na hapo ndipo tunapoufikia ugumu mkubwa kuliko wote.

Malipo ya kila mwezi kwa mwanachama ambaye ugonjwa umemwondolea uwezo wa kazi huitwa pensheni ya ulemavu. Masharti yake ni kwamba jopo la madaktari lithibitishe kuwa amepoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato, naye awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia janga. Lakini ulemavu, katika masikio ya watu, ni wa kiungo kilichokatika au jicho lisiloona. Mtu mwenye maradhi ya figo au ya moyo, mwenye mikono na miguu yake kamili, hawezi kudhani kwamba neno hilo lamhusu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa miaka 57 amechangia miezi 132. Figo zake zimeshindwa, na likizo yake ya ugonjwa imekwisha. Karani, kwa nia njema, amwandikia barua: "Naomba kustaafu kwa hiari kwa sababu za kiafya." Umri unaruhusu, kwa kuwa kustaafu kwa hiari huanza miaka 55 na kwa lazima ni 60. Lakini pensheni ya uzee yadai michango ya miezi 180. Fundi huyu hanayo, basi atapewa mkupuo mmoja na jambo limalizike. Lau angepelekwa mbele ya jopo la madaktari na kuthibitishwa, miezi yake 132 ingetosha kwa pensheni ya kila mwezi. Neno kustaafu limemfungia mlango ambao neno ulemavu halikumwonyesha.

Twapendekeza nini? Kutojiweza hakufai, kwa sababu wasiojiweza ni mafukara wanaoombewa sadaka. Ubatili, ambao mfasiri wa neno kwa neno angeweza kuuchopoa kamusini, ni wa mikataba na kura, si wa binadamu. Twaona lililo karibu na kinywa cha watu ni kumudu: "baba hamudu tena kazi." Pensheni ya kutomudu kazi ingefahamika kwa fundi na kwa mkewe pasipo mkalimani. Hadi hapo sheria itakapobadili jina, fomu zingeweza kuliandika chini ya lile la zamani kama maelezo.

Limebaki kiinua mgongo. Picha yake ni nzuri, ya mtu aliyeinama kazini hata akanyoosha mgongo akiwa na chochote mkononi. Kwa bahati mbaya hutumiwa kwa malipo ya kila namna ya kuagana na kazi. Sheria inayo malipo ya kuachishwa kazi, ambayo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo aliyetumika miaka 22 hupata siku 70 sawa na aliyetumika 10. Haya hulipwa kwa anayeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza walau miezi 12 kazini. Mwenye kujiuzulu hayapati, wala aliyefikia umri wa kustaafu, wala aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Hayahusiani na pensheni, na hayapunguzi pensheni. Yafaa kiinua mgongo kiachiwe zawadi na malipo ya mkataba, na haya ya sheria yaitwe kwa jina lake. Pamoja nayo mwachishwaji hudai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ya mwaka ambayo hakuichukua, malipo ya notisi kama hakupewa, nauli ya kurudi alikoajiriwa ikiwa aliachishwa akiwa mahali pengine, na cheti cha utumishi.